Nilimsamehe Fundi wa Breki

Jumatatu, 3 Machi

Masanduku yamefika. Mawili, ya mbao, mazito kuliko nilivyotarajia — msafirishaji amenisaidia kuyaingiza karakanani, nami nikamwomba radhi kwa uzito wake, kana kwamba niliyapakia mimi. Ndani: diski mbili za mbele, pana kuliko zilizopo kwa sentimita tatu. Kalipa mbili, vibanio vya diski, za pistoni nne. Pedi laini. Paipu nne zilizosukwa kwa waya wa chuma. Kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya nta. Aliyefunga ni mtu anayejiheshimu.

Gari liko juu ya stendi za chuma, likingoja. Ni gari dogo: nakala ya gari la mashindano la enzi za ujana wangu, bodi ya faibaglasi, kilo mia sita na kumi tangi likiwa nusu. Tuliliunda mimi na marehemu mke wangu kwa miaka tisa. Viti alishona yeye. Halina sevo, yaani hakuna kifaa cha kuusaidia mguu. Unachokanyaga ndicho unachopata.

Kila Jumamosi nilikuwa naliendesha hadi bwawani na kurudi, kilomita thelathini na nane. Ndiyo safari pekee ninayokwenda bila kuulizwa nitarudi saa ngapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeona niyaandike yaliyotokea, kwa mpangilio, maana kila ninapoyasimulia yanazidi kunyooka.

Jumamosi, 15 Februari, saa nne asubuhi. Nateremka mlima wa posta. Taa nyekundu. Nakanyaga breki. Gari linapunguza mwendo lakini halisimami. Linavuka mstari — taratibu, karibu kwa adabu — linavuka na kivuko cha watu, linagonga nyuma ya gari la mkate lililoegeshwa upande wa pili. Taa moja ikavunjika, pua ikapasuka. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyekuwa kivukoni alimvuta mtoto wake kwa ukosi wa shati. Mtoto alicheka. Mama hakucheka.

Nilisema pale pale: breki zimefeli. Binti yangu, ambaye anakaa mji mwingine na huja mara moja kwa mwezi, akanijibu kwenye simu bila kupandisha sauti: "Baba, kama ni breki, tengeneza breki. Kama ni wewe, nipe funguo." Nikamwambia ni breki. Sikusita.

Breki hizo zilikuwa zimefanyiwa kazi mwezi Januari na Fundi Kimya. Si jina lake. Watu humwita hivyo kwa uchache wa maneno yake. Siku ya pili baada ya mgongano alikuja hapa, akaliendesha gari hadi kona, akarudi, akasimama, akashuka. "Breki ziko sawa, Mzee." Nami, kwa kutopenda ubishi, nikaandika barua kwa Chama chetu cha Magari ya Zamani. Ninayo nakala: "Sina kinyongo na fundi wetu, wala sina shaka na moyo wake. Huenda alikuwa na uchovu siku hiyo. Nimemsamehe kabisa, nami nawaomba wanachama wenzangu wamsamehe pia."

Mapadre walitufundisha barua ya namna hiyo darasa la saba. Barua ya upatanisho. Nilipata alama tisa kwa kumi.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu na katibu wa Chama, aliisoma mkutanoni tarehe 23. Sikuhudhuria. Nasikia watu walipiga makofi.

Alhamisi, 6 Machi

Kushoto mbele. Nimetoa gurudumu, kalipa, pedi, diski. Nimepima kila kitu kwa maikromita, kisha nikapima tena nikianzia mwisho. Ndivyo tulivyosoma prufu, kurasa za majaribio, kiwandani: kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, ili jicho lisidanganywe na maana. Miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uchapaji cha misheni imeniachia tabia hiyo, na kikohozi.

Pedi: milimita tisa. Mpya huwa kumi. Diski: imenyooka. Pistoni: zinarudi kwa kidole gumba. Mafuta ya breki: safi.

Sikupata kosa. Labda ni upande wa kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Kulia mbele. Sikupata kosa.

Nyuma pia, kulia na kushoto. Sikupata.

Nimesafisha vyombo vyote na kuvirudisha ukutani, hata ambavyo sikuvitumia.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amepita baada ya misa. Yeye haingii karakanani, huziba mlango. Miaka mingi iliyopita alijaribu kukaa kwenye kiti cha abiria, na ilitubidi tulegeze boliti ili atoke. Hajalisamehe gari.

"Kibiriti chako bado hakijapona?" ameuliza. "Mzee mzima unalala chini ya toi ya watoto. Majirani watadhani umekufa, mimi ndiye nitasumbuliwa."

Nimemwambia breki mpya zimefika. Akasema afadhali, maana za Kimya hakuna anayezitaka tena.

Nikamwomba afafanue, kama hatajali.

Akafafanua. Wanachama sita wameondoa magari yao kwa Kimya. Na wasio wanachama wamesikia. Ua anamofanyia kazi Kimya ni wa kupangisha, na mwenye ua hapendi nafasi ikae bila magari. Amempa fundi hadi mwisho wa mwezi huu. Nafasi yake atapewa mshona viti.

"Lakini nilidhani wamemsamehe," nikasema.

"Wamemsamehe. Magari wamempelekea mwingine." Akacheka. "Shemeji, dereva aliyemgonga kuku wako utamsamehe. Watoto wako utampa awapeleke shule?"

Nikamsindikiza hadi mlangoni tu. Huwa namsindikiza hadi barabarani. Nimemwomba radhi, nikasingizia jua.

Jumatano, 12 Machi

Diski na kalipa mpya zimekaa mahali pake. Kazi ya saa tano. Mwenye mgongo mzuri angeimaliza kwa saa mbili. Zinapendeza kupita kiasi. Gari linafanana na mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mwaka jana nilipolitaja wazo hili kwa Kimya, alinipa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema: gari jepesi halitaki breki kubwa, magurudumu ya mbele yatakwama na utateleza nayo yakiwa yamesimama. Niliona ni uvivu wa fundi. Nimemwomba radhi hapa, mahali ambapo hawezi kusikia.

Mchana nimesoma kijitabu kilichokuja ndani ya sanduku. Kurasa kumi na mbili. Nimekisoma chote, hata anwani ya mpiga chapa. Ukurasa wa tisa: kabla ya kuzilaumu breki za gari lisilo na sevo, pima mguu wa dereva. Isimamishe mizani ya bafuni ukutani, keti chini, egemea kitu kisichosogea, isukume kwa wayo. Breki za zamani hutaka kilo arobaini. Hizi mpya hutaka thelathini.

Nimeleta mizani. Nikaketi kwenye kigoda, mgongo kwenye meza ya chuma.

Kushoto: 46.

Kulia: 19.

Nikaigeuza mizani, nikidhani imelala vibaya. Kulia: 18.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi, baada ya usingizi mzuri. Kulia: 19. Baada ya chai: 19. Kwa viatu: 20, lakini nadhani niliibia kwa kiuno.

Nimekumbuka kandambili ya kulia. Tangu Desemba imekuwa ikibaki nyuma kila ninapovuka kizingiti cha jikoni. Nilidhani imelegea. Nilinunua jozi mpya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Kimya. Nimechukua teksi.

Nafasi yake iko kati ya ghala la matairi na karakana ya mchomeleaji, mwanamke mrefu anayevaa miwani ya giza juu ya paji la uso kama taji. Ukutani kwa Kimya kuna ubao wa spana, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Nafasi tatu za magari. Zote tupu. Alikuwa amekaa kwenye tairi, anatengeneza gurudumu la toroli la kufulia la hoteli.

Mchomeleaji ndiye aliyeanza. "Karibu, Mzee. Umekuja kumsamehe na leo?"

"Mwache," alisema Kimya.

"Namwacha. Nauliza tu, maana akikusamehe tena utabaki kutengeneza baiskeli za watoto."

Nikamsalimu kwa heshima. Nikamuuliza hali ya nyumbani. Akasema salama. Nikamuuliza habari za kazi, na hapo nikaliona swali langu mwenyewe likitua kwenye zile nafasi tatu tupu. Angeweza kunijibu vibaya. Alisema nzuri.

Nilikuwa nimekwenda kusema jambo moja. Nimesema mengine yote: hali ya hewa, ubora wa ubao wake, ukarimu wa dereva wa teksi. Mwisho nikamwambia nimefunga kalipa mpya, na kwamba ningeona fahari kama angekuja kunisaidia kutoa upepo kwenye breki.

"Mimi?" aliuliza.

"Ukiwa na nafasi, Fundi."

Mchomeleaji alicheka hadi miwani ikamshukia machoni. Kimya akasema Jumamosi ijayo, saa tatu.

Alinisindikiza hadi kwenye teksi. Sikumwomba. Alitembea polepole, kidogo nyuma yangu, upande wa kulia.

Jumamosi, 22 Machi

Kimya amekuja saa tatu kamili, na begi moja, chupa ya kioo na mpira mwembamba. Amelizunguka gari mara mbili. Ameigusa kalipa mpya kwa kifundo cha kidole. "Nzuri." Sikujua kama ni sifa au ni salamu.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja hulala penye gurudumu, akachomeka mpira kwenye skrubu ya kalipa. Mwingine hukaa kwenye usukani. Wa chini husema kanyaga. Wa juu hukanyaga, hushikilia, hujibu nimeshika. Wa chini hufungua skrubu, mafuta yanatoka na upepo wake, hufunga, husema achia. Mara kumi, mara ishirini, gurudumu kwa gurudumu, hadi mafuta yatoke bila povu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima. Yalianza na "Fundi, kwa unyenyekevu ningependa". Nikaketi. Akalala chini. Akasema kanyaga, nami nikakanyaga — kwa mguu wa kushoto.

Magurudumu mawili ya nyuma tuliyamaliza hivyo. Kwenye la tatu akaacha kusema. Nikasikia mgongo wake ukijisukuma sakafuni. Kichwa chake kikatokeza juu ya mlango, ambao kwenye gari hili hauzidi magoti, akatazama chini kwenye pedali.

"Huo ni wa klachi, Mzee."

"Niwie radhi, Fundi. Mazoea."

"Tumia wa breki."

Akarudi chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Halafu tena: "Kanyaga, Mzee."

"Nimekanyaga, Fundi. Hapo ndipo mwisho wake."

Ameniambia baadaye kwamba mafuta yalitoka kama bomba siku ya mgawo wa maji. Akafunga skrubu. Hakuinuka mara moja. Nilikuwa naona viatu vyake tu, vimetokeza, vimetulia. Nilizungumza na viatu hivyo. Nikasema kilo kumi na tisa. Nikasema ilitakiwa arobaini. Nikaeleza habari za mizani, ukurasa wa tisa, mara nilizopima. Nikaona naanza kuipamba, nikanyamaza.

"Nilijua," alisema kutoka chini.

"Tangu lini?"

"Siku ile nilipokuja kuliendesha. Nilikanyaga, likasimama. Wewe ulipokuwa unarudi ndani ulishika fremu ya mlango, ukauvuta mguu."

"Kwa nini hukusema?"

Akatoka, akaketi sakafuni, akajifuta mikono kidole kwa kidole. "Ningesema nini? Umenisamehe mbele ya watu thelathini. Mtu aliyesamehewa akikataa, wanasema ana kiburi."

Nikamwambia nitamwandikia mwenye ua. Barua nzuri, ya faragha, itakayofika Jumatatu.

"Ile uliisomesha mbele ya watu," alisema. "Na hii iende huko huko."

Nikamwomba radhi. Akasema sawa. Nikamwomba tena, kwa maneno bora zaidi.

"Mzee," alisema, "kanyaga, tumalize. Kwa huo wa kushoto."

Tulimaliza saa saba. Akalishusha gari, akaliendesha hadi kona na kurudi. Kabla ya geti akafunga breki kwa nguvu. Magurudumu ya mbele yalikwama. Yameacha mistari miwili myeusi barabarani, kama mita nne hivi. Aliionyesha tu kwa kidole, akachukua begi lake.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda kwa Shemeji kuomba nafasi kwenye ajenda ya Jumapili. Alikuwa amezungukwa na mafaili. Chama kina wanachama thelathini na mbili na mafaili arobaini. Nimemweleza kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Subiri," alisema. "Mwezi uliopita ulisamehe. Mwezi huu unataka usamehewe. Shemeji, chagua moja, ajenda ina nafasi moja."

Nikasema ningeshukuru hiyo moja.

Akaacha mzaha. Akaniambia nifikirie. Nikisema ni mguu, Chama hakiwezi kuniacha kwenye orodha ya madereva. Na binti hatahitaji kusikia mara mbili. Kimya ni fundi mzuri, atapata ua mwingine. Mjini kuna ua mwingi. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka. "Na gari atabaki nalo nani? Dada yangu alijitoboa vidole kwa viti vile."

"Alijitoboa," nikasema.

"Sasa?"

Nikasema ningependa tu kuwemo kwenye ajenda. Ameandika: *7. Mengineyo — Mzee atatoa maelezo kuhusu breki.* Akanionyesha, kama mtu anayeonyesha mlango ulioachwa wazi kidogo. Maelezo kuhusu breki yanaweza kuwa chochote.

Alhamisi, 27 Machi

Rasimu ya kwanza: kurasa tatu. Salamu, shukrani kwa viongozi, historia fupi ya gari, mawazo kadhaa kuhusu uzee. Nimeisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Neno "mguu" linatokea mara moja, ukurasa wa tatu, ndani ya mabano.

Rasimu ya pili: kurasa mbili. "Huenda ikawa kwamba kwa kiasi fulani." Nimeifuta.

Ya nne: "Ninasikitika ikiwa maneno yangu yalieleweka visivyo." Yalieleweka sawasawa. Nimeifuta pia.

Jioni nilipumzika nikatazama ile nakala ya Februari. Haina neno kali hata moja. Nilijitahidi sana isiwe nalo. Kama ningemtukana mtu yule, angeweza kunijibu.

Ya saba:

*Breki za gari langu zilikuwa nzima. Mguu wangu wa kulia hauna nguvu. Fundi hakukosa. Nilikosa mimi, na siendeshi tena.*

Hakuna salamu. Nikiisoma naona aibu, kama mtu aliyetoka nje bila shati. Lakini nimeipima kwa jicho la prufu na sioni pa kugusa.

Jumamosi, 29 Machi

Binti amefika mchana. Nilimpokea nikiwa nimeketi. Siku hizi ndivyo ninavyompokea. Amenibusu kichwani, akaniambia nimekonda, akaenda moja kwa moja karakanani.

Nimemsikia akicheka huko peke yake. Akarudi na mafuta kwenye kidole. "Baba, hizi sasa ndizo breki. Zinaonekana mpaka nje ya rimu." Akataka kujua kama nilizifunga mwenyewe. Nikasema kwa msaada wa fundi. Yupi? Kimya. Akainua nyusi. "Si ndiye aliyekuharibia? Baba, wewe una moyo wa ajabu."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilipaona wazi, kama mtu anavyouona mstari wa kusimamia.

Akaendelea: kesho atanipeleka mkutanoni kwa gari lake, halafu tukirudi, jua likishapungua, tulitoe hili twende bwawani. "Nikae kwenye kiti cha Mama. Sijakaa pale tangu azikwe."

Nikasema tutaona.

"Tutaona nini? Breki si zimepona?"

Nikamwambia ana njaa bila shaka, nikamwomba anisamehe kwa kutopika. Akaingia jikoni akiimba. Kandambili yangu ya kulia ilikuwa kizingitini. Akaiokota bila kuwaza, akaileta, akaiweka mbele ya mguu.

Jumapili, 30 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini, daftari likiwa gotini. Watadhani naandika kumbukumbu za mkutano.

Ukumbi wa shule. Viti vya plastiki, safu sita. Mimi niko safu ya mbele kabisa, binti safu ya nne, kwa wageni wa wanachama. Tulifika wa kwanza; niliketi binti akiwa bado anaegesha gari. Feni moja inafanya kazi, nyingine inazunguka kwa hiari yake. Shemeji yuko meza kuu na mafaili yake. Tumemaliza ajenda ya tano, matengenezo ya bango. Ya sita ni rangi ya fulana, wanapiga kura.

Kimya amekuja. Sikumwomba, nilimwarifu tu saa. Amesimama nje ya mlango wa nyuma, shati limepigwa pasi, mikono mbele. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho pale uani. Mchomeleaji yuko naye, bila miwani. Wawili wa safu ya nyuma wamegeuka, wakamwona, wakageukia mbele haraka.

Fulana ni za bluu.

Shemeji ametangaza ya saba. Amesema, kwa sauti yake ya katibu, kwamba Mzee wetu ana maneno machache kuhusu breki zake mpya, na kwamba kama Mzee amechoka yanaweza kuahirishwa. Ameniangalia alipokuwa anasema "kuahirishwa".

Nimeinua mkono. Nimeomba fundi aruhusiwe kuingia kwanza.

Shemeji amefungua katiba. Anaijua kwa moyo, lakini ameifungua. Mkutano mkuu ni wa wanachama na wageni walioandikishwa kabla. Anasikitika.

Nimesema basi, kwa ruhusa ya kiti, nitasomea mlangoni, ili asikie yeye na wasikie wao. Baadhi wamecheka kwa upole. Wameyachukulia kama adabu zangu za siku zote. Binti pia ametabasamu, akageuza kiti kidogo anipishe.

"Soma ukiwa umekaa, Shemeji," amesema katibu, na safari hii si kwa sauti ya katibu. "Tutafungua madirisha. Atasikia."

Mimi hufika mapema kwenye mikutano hii na huondoka wa mwisho. Nimetambua sasa hivi kwamba tangu Desemba hakuna mwanachama aliyeniona nikitembea humu ukumbini. Kutoka hapa hadi mlango wa nyuma ni safu sita, njia ya katikati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Hakuna pa kushika. Karatasi iko mfukoni, lakini nina hakika sasa kwamba nikifika safu ya nne watakuwa wameshaisoma mguuni mwangu.

Fundi ameona mkono wangu ukitafuta pa kushika. Amepiga hatua moja, kisha amesimama juu ya kizingiti, kwa sababu ya katiba.

Wananingoja. Naomba radhi kwa kuwachelewesha. Nasima—